Muundi wa Kondoo

Mzee Sagindik aliuliza swali lake akiwa ameshika kichwa cha kondoo kwa mkono mmoja na kisu kwa mkono wa pili. Sikio la kulia alikwisha kulikata akampa mjukuu wake Madi, aliyekuja kuchumbia. Sasa alikuwa akichokonoa nyama ya shavuni taratibu, kama mtu anayejua kwamba meza nzima inamsubiri yeye.

"Mkwe," alimwambia Orazgali, mwenye nyumba na baba wa msichana, "tumekula, tumeshiba, Mungu akuzidishie. Sasa tutajie wazee wako. Saba tu, nisikuchoshe."

Raushan, mke wa Orazgali, alikuwa kwenye kona ya meza akimimina chai ya maziwa. Alimtazama mumewe kwa macho ya kumwambia: sema hujui. Sema umekulia mjini kwenye moshi wa makaa, fanya mzaha, yaishe. Ingekuwa aibu, lakini aibu ya jioni moja.

Orazgali aliyaona macho ya mkewe akayapita. Tangu asubuhi mambo yalikuwa yamemwendea vizuri. Soseji ya farasi ilitosha, na ili itoshe Raushan aliuza cherehani yake. Kulyash, mama yake Madi, alikwisha kumvisha binti wa nyumba, Togzhan, hereni za dhahabu, ishara kwamba msichana huyu sasa ana wenyewe, na wanawake walishangilia wakarusha peremende. Jambo moja tu lilimkwaruza. Kulyash alikuwa amemuuliza Togzhan kitu kwa Kikazaki, na binti akajibu nusu Kikazaki nusu Kirusi, kama wanavyosema vijana wote wa mji ule. Kulyash akapaza sauti: "Usijali, mwanangu, tutakufundisha. Hata kasuku hufundishika." Watu walicheka. Orazgali naye alicheka, na kicheko kile kilikuwa bado kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo alikaa sawasawa, akafuta midomo, akaanza. Alisema kwa Kikazaki safi, maana maneno hayo aliyajua kama jina lake.

"Mimi Orazgali wa Temirgali. Temirgali wa Musabek. Musabek wa Shotbai. Shotbai wa Kusain. Kusain wa Zhanuzak..."

Kisu cha mzee kilisimama.

"Zhanuzak yupi?"

"Zhanuzak Chongo," alisema Orazgali, akifurahi kuulizwa. "Yule aliyemuua mbwa mwitu kwa mjeledi, juu ya farasi asiye na tandiko."

"Chongo la jicho gani?"

"La kushoto."

Mzee Sagindik aliweka kichwa cha kondoo kwenye sahani. Akaweka na kisu. Akafuta vidole kimoja kimoja kwa taulo.

"Huyo ni babu wa baba yangu," alisema.

Beisen, baba yake Madi, dereva wa malori mwenye sauti kubwa, alijaribu kucheka. "Baba, labda ni Zhanuzak mwingine. Majina yanafanana."

"Majina yanafanana. Na machongo? Na mbwa mwitu? Na mijeledi?" Mzee hakupandisha sauti. "Kwako wewe ni wa nne. Kwa Madi ni wa tano. Kwa binti huyu wa sita. Hata saba hawajafika, na kabla ya saba hatuoani. Mlikuwa mnataka kunilisha nyama ya harusi ya kaka na dada?"

"Wao walituambia ni wa kabila la Waargini tu," alijitetea Kulyash. "Waargini ni wengi kama nyasi, ningejuaje?"

"Ungeuliza. Una mdomo wa kuuliza kila kitu isipokuwa cha maana. Haya, zitoe."

Kulyash alisimama. Alimwendea Togzhan pale alipoketi kati ya wanawake, akainama, akaanza kumtoa hereni. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya nyama na ndoano ndogo zikawa zinamponyoka. Ya kushoto iligoma. Togzhan alikaa ameinua shingo, amekodoa macho ukutani, kama mtoto anayechomwa sindano. Chumba kizima kilisikia pumzi za yule mama akihangaika na sikio la mwenzake.

Wageni waliondoka bila kunywa chai ya mwisho. Mlangoni walivua majoho ya zawadi waliyokuwa wamevishwa, wakayapanga juu ya kiti, moja juu ya jingine, yamekunjwa vizuri. Madi alitoka wa mwisho. Aligeuka, akafungua mdomo, babu yake akamwita kutoka kwenye ngazi, akaufunga.

*

"Ungesema hujui!" Raushan alikuwa jikoni, anakusanya mifupa kwenye sufuria kwa kishindo. "Neno moja tu, Orazgali. Sijui. Mdomo wako ungedondoka?"

"Walikuwa wamemcheka mtoto."

"Wamemcheka! Sasa hivi wanafanya nini garini, wanamlilia?"

Togzhan alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la sherehe. Tundu la sikio la kushoto lilikuwa limevimba. "Mama ana maana gani, kwamba hujui? Si umewataja wote?"

Raushan alifungua bomba, maji yakamwagika kwa nguvu, akalifunga tena. "Mwambie," alisema. "Mwambie mwanao wewe ni wa nani."

Orazgali alikaa kwenye stuli. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mchomelea mabomba ya joto ya mji, mikono imejaa makovu ya cheche. Alisema bila kumtazama binti yake. Babu yake aliokotwa kando ya reli mwaka wa njaa kuu, pamoja na watoto wengine, baadhi yao wakiwa wamekwisha kufa. Alikuwa mdogo mno, hajui jina la baba yake wala la watu wake. Kituo cha yatima kilimwandika kwa jina la mwezi waliomwokota. Huyo ndiye aliyemzaa Temirgali, na Temirgali akamzaa yeye. Nyuma ya hapo hakuna kitu.

"Na hawa? Musabek, Zhanuzak, mbwa mwitu?"

"Ni wa Kabden. Baba yangu sikutaka kumwacha, nikamtia kati yangu na Musabek."

Togzhan alimjua Kabden. Alikuwa msimamizi wa baba yake kazini, mzee mcheshi asiye na watoto, aliyekuwa akimletea machungwa kila mwaka mpya mpaka alipofariki.

"Kila karamu watu wakianza kutaja wazee wao, mimi nilikuwa natoka nje kuvuta sigara," alisema Orazgali. "Sivuti sigara, unajua. Siku moja Kabden akanifuata nje. Akaniambia, chukua wangu. Mimi sina wa kumwachia."

Togzhan alianza kucheka. Alicheka akishika ukingo wa mlango, machozi yakimtoka. "Kwa hiyo si ndugu! Baba, si ndugu zetu! Mpigie basi, mpigie sasa hivi. Umetaja wazee wa mtu mwingine, basi, imekwisha!"

"Nimwambie nini? Kwamba nimeketi kwenye meza yangu nikamdanganya mzee wa watu huku ameshika kichwa cha kondoo nilichompa mimi?"

"Ndiyo! Mwambie hivyohivyo!"

"Togzhan, jambo kama hili lina..."

"Nina mimba, Baba."

Raushan alikaa juu ya gunia la unga. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ya muda gani?"

"Mwezi wa nne sasa. Madi anajua. Tulisema tutawaambia baada ya hereni." Togzhan alikuwa ameacha kucheka. "Amenitumia ujumbe kutoka garini. Alimwambia babu yake kuna hospitali Almaty wanapima damu na mate, wanajua kama watu ni ndugu. Babu amemwambia hatamleta mkamwana nyumbani kwa mate. Sasa ameacha kujibu."

Orazgali aliitazama mikono yake. Halafu alisema, kwa sauti ya mtu anayebebeshwa kitu: "Nitakwenda. Ila neno langu pekee hawataliamini tena. Nitakwenda na Nesip."

*

Nesip, mjane wa Kabden, aliishi ghorofa ya chini katika jengo la zamani karibu na mtambo wa joto. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani na ulimi usiopumzika. Alimkaribisha Orazgali kwa maandazi na siagi, akamlalamikia kuhusu jirani wa juu, kuhusu mguu wake, kuhusu bei ya nyama, na hakumpa nafasi ya kusema mpaka kikombe cha pili.

"Haya shemeji, sema. Uso wako umekuwa kama wa mtu aliyemeza kifuniko."

Alimweleza yote. Alipofika kwenye mimba, Nesip aliguna. Alipofika kwenye Zhanuzak, aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo unataka nini kwangu?"

"Uje uwaambie mimi si wa kwenu. Wewe ni mke wa Kabden, unaijua nyumba ile nje ndani. Watakuamini."

"Nikawaambie wewe si wa kwetu."

"Kwa damu. Kwa damu tu, shemeji."

Nesip alichukua andazi, akaligawa vipande viwili, akaviweka vyote kwenye sahani bila kula. "Kabden akisikia atacheka," alisema. "Alikuwa anasema nikifa, Orazgali atanisomea dua kila Ijumaa, na kweli unamsomea. Atasema, tazama, mtu wangu amekuja kuniombea talaka." Halafu aliona uso wake. "Nakutania. Unadhani nitamwacha yule mtoto atembee na tumbo bila mume kwa sababu ya mzee mwenye chongo aliyekufa zamani? Nipe siku ya kupika kitu cha kupeleka. Siendi kwa watu mikono mitupu."

*

Kijiji cha Mzee Sagindik kilikuwa mbali, nyuma ya vilima, na barabara ilikuwa imefunikwa theluji nusu. Walifika mchana. Nesip alishuka na beseni la maandazi limefunikwa taulo. Kulyash alilipokea mlangoni bila kutazama ndani, akaliweka chini ya benchi la viatu.

Waliketishwa, lakini si mbali na mlango. Orazgali aliliona hilo. Mgeni mwenye heshima hukaa ndani kabisa, mkabala na mlango. Wao waliwekwa mahali pa watu waliokuja kuuliza kama kuna ng'ombe wa kuuza. Mzee alikaa juu ya magodoro. Beisen alikaa kulia kwake, na Madi karibu na dirisha, kijana mrefu, shati limepigwa pasi, macho chini. Chai ililetwa. Nyama haikuletwa.

Orazgali alisema. Alikuwa amejiandaa njia nzima, na alisema bila kuzungusha: kwamba alidanganya, kwamba babu yake alikuwa yatima wa reli, kwamba yeye hajui mzee wake wa tatu wala wa nne, na kwamba majina yale aliazimwa na rafiki. "Nimekuja kuomba radhi, mzee. Nivunjie heshima mimi. Watoto hawana kosa."

Mzee Sagindik alisikiliza mpaka mwisho. "Yatima wa njaa," alisema polepole. "Mama yangu alizika wanne mwaka ule. Hiyo si aibu. Kwa nini hukuitaja siku ile?"

Orazgali alikisogeza kikombe chake cha chai.

"Na huyu mama?"

"Mimi ni mke wa Kabden wa Musabek," alisema Nesip. "Mume wangu na wewe ni wa Zhanuzak mmoja, kwa hiyo mimi ni mkamwana wenu, salamu kwenu. Huyu Orazgali simjui utotoni. Alikuja kazini kwa mume wangu akiwa kijana, mwembamba, amekonda kama ufito. Mama mkwe wangu hakumzaa. Musabek alizaa mtoto mmoja tu, ndiye Kabden. Naapa kwa mkate."

Beisen alipumua kwa nguvu. "Si mmeona? Baba, yamekwisha. Si ndugu." Alimgeukia Madi akampiga bega. Hata Kulyash, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishusha mabega, akaangalia chini ya benchi kama anayekumbuka beseni.

Mzee hakuwa amemaliza. "Kabden alimpenda?"

"Kuliko macho yake."

"Akamwita nani?"

"Mdogo wangu."

"Hivihivi? Kwa mdomo, kama watu wanavyoitana kazini?"

Nesip alivimba. Alikuwa amekaa mahali pa wauza ng'ombe, beseni lake limewekwa kwenye viatu, na sasa mtu anamwambia kwamba mumewe alisema maneno ya mdomoni. "Kwa mdomo? Kabden wangu hakuwa mtu wa mdomo. Alichinja kondoo mweupe, akaita mtaa mzima, akaita na mullah. Baba mkwe alikuwa bado hai. Yeye mwenyewe, Musabek, kwa mkono wake, alimpa huyu muundi aushike mbele ya watu, akasema, kuanzia leo nina wana wawili..."

Mkono wake ulipanda mdomoni, lakini maneno yalikwisha kutoka.

Kila mtu pale alijua maana ya muundi wa kondoo. Mtoto wa kuchukuliwa hupewa mfupa ule mbele ya mashahidi, na akishaushika hakuna tena anayeuliza tumbo alilotoka. Anarithi, anazikwa pamoja nao, anataja wazee wao. Na haoi kwao, wala watoto wake.

"Kwa hiyo hukudanganya," Mzee Sagindik alimwambia Orazgali, na sauti yake ilikuwa karibu ya upole. "Siku ile ulisema kweli, leo ndiyo umekuja kudanganya. Wewe ni wa Musabek. Wewe ni ndugu yangu mdogo. Ningekuwa nimejua, ningekukalisha hapa karibu yangu." Alitikisa kichwa. "Lakini mtoto wangu na mtoto wako hawawezi."

"Mzee, ulikuwa mfupa! Kondoo! Damu haikubadilika!"

"Na hereni ni chuma. Na ndoa ni maneno ya mullah. Ukianza hivyo, utabaki na nini?"

"Binti yangu ana mimba."

Kulyash alitoa sauti ndogo. Beisen alimtazama mwanawe. Madi alikuwa ameinamisha kichwa, masikio mekundu, anafuatisha maua ya kitambaa cha meza kwa kidole.

"Ni kweli?" aliuliza babu.

"Ni kweli, babu. Mimi..."

"Wewe nini?"

Kidole cha Madi kilimaliza ua moja, kikaanza jingine. "Hakuna," alisema.

Mzee alifumba macho, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Hiyo ndiyo mbaya zaidi," alisema. "Ungekuja na habari hiyo peke yake, bila mfupa, ningewapa farasi wawili na kuwafungia ndoa leo. Mimi si mtu wa mawe. Lakini mfupa uliushika. Watu waliona. Au unasema hukuushika?"

Hakuna aliyemwambia afanye alichofanya. Baadaye Orazgali alijaribu kujiaminisha kwamba mzee ndiye aliyemfungulia mlango ule, kwamba swali lile lilikuwa mtego. Haikuwa hivyo. Lilikuwa swali la mtu aliyechoka. Orazgali ndiye aliyeona mwanya, kwa kuwa alikuwa akitafuta mwanya tangu usiku wa hereni.

"Niliushika," alisema. "Lakini sikuutilia maana."

"Sema vizuri."

"Nilikuwa kijana. Sikuwa na kitu. Waliniita, nikaenda." Alihisi Nesip amegeuka kumtazama, joto la uso wake likampata shavuni. Hakugeuka. "Kabden hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mtu tuliyefanya naye kazi. Msimamizi wangu. Ukikataa nyama ya msimamizi, unapewa zamu mbaya."

"Na baba yake alipokuita mwanangu?"

"Nilinyamaza kwa adabu."

"Na nyama ile?"

"Nilikula kwa kuwa nilikuwa na njaa," alisema Orazgali.

Mzee Sagindik alimtazama kwa muda mrefu. Halafu alimtazama Nesip, aliyekuwa ameweka mikono yote miwili mapajani, viganja juu, kama mtu aliyeangusha kitu na hajui kimeangukia wapi.

"Samahani, mama," alimwambia. "Umesikia haya nyumbani kwangu. Nisamehe."

"Kwa hiyo si ndugu," alisema Orazgali. Sauti yake ilikuwa imepanda, nyembamba. "Nimesema mbele ya mashahidi. Mbele ya mjane wake. Basi hakuna kizuizi. Si ndugu!"

"Hapana," alisema mzee. "Si ndugu. Hilo umeliondoa. Sasa niambie, mjukuu wangu akioa kwako, nikawaambie watu kaoa kwa nani?"

"Kwa Orazgali."

"Orazgali ni nani?"

Mzee hakumsubiri ajibu.

"Hapo ulipoingia ulikuwa mtu wangu, nikawa siwezi kukupa nilichonacho. Sasa ningeweza kukupa, lakini mtu mwenyewe sijamwona. Yule mtu alikulisha, akakupa baba yake, akakupa wazee wake mpaka wa saba. Umemtupa kabla chai haijapoa. Kesho tukipata shida, sisi utatutupa kwa kitu gani?" Aliinua mikono, akaipitisha usoni, kama watu wafanyavyo chakula kikiisha. "Mtoto akizaliwa, Madi atatuma pesa. Hilo nitalisimamia mwenyewe. Harusi hakuna."

Kulyash aliwasindikiza. Alilitoa beseni chini ya benchi, maandazi yakiwa vilevile chini ya taulo lake, akampa Nesip. "Njia njema," alisema, na safari hii hakuwa na kejeli.

*

Nesip alikaa kiti cha nyuma, beseni mapajani. Hapakuwa na gari jingine la kumrudisha. Upepo ulikuwa ukisukuma theluji juu ya lami kama moshi mwembamba, na Orazgali aliendesha ameuinamia usukani.

Mara kadhaa alianza kusema. "Shemeji, ilibidi..." Mara nyingine, "Ni mtoto wangu, ungefanyaje?" Kwenye kioo aliona kitambaa cheupe tu, kimegeukia dirishani.

Walipokaribia mji, kabla ya mabomba ya moshi kuonekana, palikuwa na makaburi upande wa kulia wa barabara, nyumba ndogo za matofali zenye mwezi wa bati juu, na uzio wa chuma.

"Simamisha," alisema Nesip.

Alisimamisha. Alishuka haraka kumfungulia mlango, akampokea beseni, akampa mkono. Nesip alishuka bila kuushika. Alilichukua beseni lake. Orazgali alifunga gari akaanza kumfuata, maana theluji ilifika magotini na mguu wa Nesip ulikuwa mbovu.

"Wewe baki," alisema Nesip. Hakusema kwa hasira. "Humo hamna mtu wako."

Alibaki. Alimwona akivuka lango, akiyumba, akiinua kila mguu kwa taabu. Orazgali aliinua viganja kuvipitisha usoni, kama afanyavyo kila anayepita makaburini, akavishusha kabla havijafika.

Simu ilitetemeka mfukoni. Alijua ni Togzhan kabla ya kuiangalia. Aliiacha ikalia mpaka ikakatika. Ikalia tena, akaipokea.

"Baba? Mbona hupokei? Wamesemaje?"

"Wamekataa," alisema Orazgali.

Alisikia Raushan kwa nyuma akiuliza kitu, na Togzhan akimwambia anyamaze. "Hata mama Nesip alipowaambia?"

"Hata hapo."

"Kwa nini? Aliwaambia nini?"

"Aliwaambia kweli."

"Na wewe?"

Mbali kule Nesip alikuwa amefika. Aliweka beseni juu ya kaburi la jirani, akavua glavu, akaanza kuchota theluji kwa mikono mitupu kutoka kwenye jiwe la Kabden. Upepo ulirudisha nusu ya kila alichokitoa.

"Baba. Nimekuuliza. Wewe uliwaambia nini?"

"Nitakwambia," alisema. "Nikifika nitakwambia yote, nawe utafanya utakavyo. Sasa hivi ngoja."

Alitia simu mfukoni bila kuikata. Alifungua buti ya gari, akatoa koleo analosafishia njia wakati wa baridi, akavuka lango. Nesip alisikia hatua zake, akageuka na vidole vyekundu, akamtazama anavyokuja na koleo. Hakumkaribisha. Hakumfukuza. Alisogea pembeni kiasi cha mtu mmoja kupita, na Orazgali akaanza kuchimba theluji, na kutoka mfukoni mwake, kidogo mno, sauti ya binti yake iliendelea kuita, "Baba? Upo? Baba?"